Kufomati Si Kurekebisha

Kuna ugonjwa hapa Nakuru na leo nausema vile ulivyo. Kompyuta ikisumbua, dawa ya mafundi wetu ni moja tu: "Hii tufomati." Ina virusi? Fomati. Printa haisomi? Fomati. Peleka leptopu ya mtumba ambayo kitufe kimoja kimegoma, na kuna msee atatoa flashi mfukoni kabla hujamaliza kueleza. Kwa leptopu ya mtu mmoja, haya, utapoteza picha za shosho na maisha yaendelee. Lakini siku hizi naona ugonjwa umepanda hadi kwa seva, na huko ni watu wengi wanaumia kwa mpigo.

Nazungumzia hasa seva za FOG. Kama hujawahi kuisikia, ni programu ya bure inayokaa kwenye mashine ya Linux, imekuwepo tangu 2007, na kazi yake ni kuchukua nakala ya diski nzima ya kompyuta moja kisha kuimwaga kwa zingine kupitia kebo ya mtandao. Unaandaa mashine moja vizuri, unaichukua, halafu mashine 30 zinapata kila kitu sawasawa bila wewe kuzunguka chumbani na flashi kama unachanja kuku. Kwa vyuo vidogo vinavyonunua kompyuta za mtumba, hii kitu ni mkombozi. Na tangu muda wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, simu zangu nyingi ni za kazi kama hii.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kwa hivyo usiniulize vyeti. Hii FOG nilijifundisha chumbani Kiamunyi, usiku, siku zile stima zilikuwa zinakubali.

Sasa shida yenyewe. Ukichukua nakala ya diski, kompyuta inatuma data kwenye folda ya muda, /images/dev, na folda hiyo inapewa jina kutokana na anwani ya MAC ya ile kompyuta. Hapo inatumika NFS, ambayo haiulizi nywila ya mtu. Data ikishafika yote, ndipo seva inaingia kwa FTP kama mtumiaji wa Linux anayeitwa fogproject (matoleo ya zamani aliitwa fog tu) ili ihamishe ile folda hadi /images na kuipa jina lake halisi. Ni hatua ya mwisho kabisa, na ndio maana inauma. Unangoja saa nzima, mstari unafika asilimia 100, umeanza hata kufunga begi, halafu skrini inakuandikia "ftp_login(): Login incorrect".

Hapa ndipo msee wa flashi anasema nakala imeharibika. Haijaharibika! Data yote iko palepale /images/dev, kama abiria aliyefika steji na konda amekataa kufungua mlango. Ukifomati seva wakati huo, wewe ndiye umeichoma, pamoja na nakala zingine zote zilizokuwa ndani.

Nimeona jambo hili karibu litokee kwenye chuo kimoja kidogo mjini, ambacho sitakitaja. Msichana wa atachimenti alinipigia Alhamisi jioni akilia. Kompyuta zilitakiwa kuwa tayari Jumatatu kwa mtihani, seva inakataa, na mkubwa wa maabara ameshamwambia kama hazitakuwa tayari basi logibuku yake haitasainiwa. Yeyote aliyewahi kwenda atachimenti anajua maana yake. Miezi mitatu ya kuamka saa kumi na moja, bila kulipwa, na bila hiyo sahihi ni kama hukuwahi kwenda.

Kesho yake nikapanda matatu. Nilipofika, mkubwa hakuzunguka. "Kijana, huyu ndiye wa mwisho kuigusa. Ifomati tuanze upya."

Msichana akasema polepole, "Mwalimu, mimi sijawahi kupewa hiyo nywila."

Nikaomba akaunti ya msimamizi wa ile Linux, nikaandika chage -l fogproject. Amri hiyo inaonyesha siku ambayo nywila ya mtumiaji ilibadilishwa mara ya mwisho. Tarehe ikatokea. Nikamwomba msichana afungue logibuku yake ukurasa wa kwanza. Nywila ilibadilishwa siku tisa kabla yeye hajaingia pale.

Kumbe fundi wa kwanza aliondoka akidai mishahara ya miezi miwili, na mkubwa akaogopa jamaa atarudi kupitia mtandao avuruge mambo. Akaita mtu abadilishe nywila za watumiaji wote wa Linux, fogproject akiwemo. Wazo lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba ile seva haikuambiwa. Na kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyechukua nakala mpya, hakuna aliyejua, hadi huyu dada alipoagizwa achukue moja.

Shikeni hili, maana kesi nyingi za aina hii nilizokutana nazo zilikuwa hivi: nywila ya fogproject ni moja lakini imeandikwa sehemu nne. Iko kwa Linux yenyewe, kama nywila ya mtumiaji yeyote. Iko kwa ukurasa wa FOG, upande wa Storage Management, ukifungua ile nodi. Iko tena kwa FOG Settings, chini ya TFTP Server, kwa jina FOG_TFTP_FTP_PASSWORD. Na iko kwa faili /opt/fog/.fogsettings, ambayo programu ya kusakinisha FOG huisoma kila ukiisasisha. Zikipishana hata herufi moja, unakataliwa. Mtu akibadilisha ya Linux pekee kwa passwd, amebadilisha kufuli na kuacha funguo za zamani mifukoni mwa wengine watatu.

Pale chuoni tulichagua nywila mpya, ndefu, ya herufi na tarakimu tu (alama kama $ na ! wakati mwingine huleta kizaazaa ndani ya hiyo faili), tukaiandika kote kunne. Kisha tukajaribu kwa mkono kutoka mashine nyingine: ftp, halafu anwani ya seva. Seva ikishapokea jina inajibu 331, yaani lete nywila. Ikisema 530, umekataliwa. Ikisema 230, umeingia. Tukapata 230. Ile nakala iliyokwama tukaihamisha kutoka /images/dev kwa mv, dakika moja, bila kurudia saa nzima ya kungoja. Kazi yote haikufika nusu saa, na zaidi ya nusu ya muda huo tulikuwa tunatafuta kebo iliyokanyagwa na kiti.

Najua kuna mtu atasema mimi kwangu nywila ziko sawa na bado inakataa. Sawa, soma tena ule ujumbe wa kosa, wote, hadi mwisho. Huwa unataja Host na Username. Ukiona Host ni anwani ya zamani, maana yake rauta ilibadilishwa, seva ikapewa anwani nyingine, na FOG bado inabisha kwa nyumba iliyohamwa. Ipe seva anwani isiyobadilika. Ukiambiwa Connection refused, hiyo si nywila kabisa, ni vsftpd haijawaka, angalia kwa systemctl status vsftpd. Kuna ile nyingine ya kuchekesha: kwa Debian na Ubuntu kuna faili inaitwa /etc/ftpusers, na jina linakudanganya ni orodha ya walioalikwa. Ni orodha ya waliofukuzwa. Nimeona msee ameandika fogproject humo akidhani anamsaidia. Na ukimpa fogproject sheli ya nologin eti kwa usalama, kwa mifumo hiyo vsftpd itamkataa hata nywila ikiwa sahihi.

Mambo haya yote unayapata kwa kusoma. Fomati haikuonyeshi hata moja. Fomati inafuta ushahidi, na mahali ambapo kuna mtu wa kulaumiwa, ushahidi ukifutwa anayelaumiwa ni mdogo kuliko wote chumbani. Kama tungefomati ile Ijumaa, tarehe ya chage ingeenda na maji, na yule dada angebaki "ndiye wa mwisho kuigusa" milele.

FTP yenyewe pia siitetei. Abhay Bhushan aliiandika mara ya kwanza 1971 akiwa MIT, na kanuni zinazotumika hadi leo zimesimama juu ya zile za Oktoba 1985. Enzi hizo watu mtandaoni walikuwa wachache na wengi walijuana. Inatuma nywila wazi kabisa, na yeyote aliye kwa mtandao huohuo na Wireshark anaweza kuisoma kama tangazo la matatu. Chrome na Firefox ziliitupa 2021. Kwa hivyo FOG ikae kwa swichi yake ya ndani, mbali na Wi-Fi ya wanafunzi, na nywila yake isifanane na ya kitu kingine chochote. Sio ya imeli, sio ya akaunti za fedha.

Halafu kuna hili la mshahara, na hapa naongea na mafundi wenzangu. Najua utamu wa kuondoka na nywila kichwani. Unadai, hawakusikii, na unajua siku moja seva itakwama watakupigia. Usifanye hivyo. Na usirudi kuingia kwa seva yao ukiwa nyumbani hata kama unadaiwa haki, kwa sababu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Deni lako la elfu arobaini halitakuwa utetezi. Dai kwa maandishi, nenda ofisi ya leba.

Lakini nyinyi wenye vyuo na saiba, nanyi msikie. Mnachukua kijana, mnampa seva nzima, hamwandikii mkataba, mnamlipa mkipenda, kisha siku anaondoka mnashangaa hakuna karatasi yoyote inayosema mfumo umefungwa vipi. Nani angeiandika? Hakuna aliyelipwa kuiandika. Daftari moja ndani ya kabati yenye kufuli, limeandikwa anwani ya seva, majina ya watumiaji, sehemu zile nne, na tarehe ya kila badiliko na nani alilifanya, ni la shilingi mia. Pale chuoni tulilinunua siku hiyohiyo, duka la ng'ambo ya barabara. Logibuku ilisainiwa Jumatano. Fundi wa kwanza, hadi naandika haya, amelipwa mwezi mmoja, wa pili bado.

Kama wewe ni wa kidato cha nne au uko nyumbani unangoja majibu, hii unaweza kujifunza bila kuomba mtu ruhusa. Leptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, tengeneza mashine mbili, moja ya Debian yenye FOG na nyingine tupu, uziunganishe kwa mtandao wa ndani tu wa VirtualBox. Ukiiachia kwa Wi-Fi ya nyumbani na DHCP ya FOG imewaka, simu za nyumba nzima zinaweza kupoteza intaneti na mathe atakuuliza maswali. Ikishakubali, badilisha nywila ya fogproject kwa passwd pekee, makusudi, halafu chukua nakala uone inavyokwama mwisho. Nenda /images/dev uipate folda yako imekaa. Kisha zunguka zile sehemu nne moja moja, ukijaribu kwa ftp kila ukibadilisha, hadi 530 igeuke 230.