Saa ya Mchezo, Lakini Yenye Kutembea



Kila mtu aliyekomalia hapa Alunguli anajua saa ya majani. Mtoto anachukua jani la mti wa mawese, anasuka kamba, anafunga mkononi, na katikati anaweka kipande cha duara. Ukimwuliza, "Ni saa ngapi, mdogo wangu?", anaangalia mkono wake kwa heshima kubwa na kujibu, "Saa nne." Rudi umwulize jioni, ni saa nne tu. Tunacheka. Lakini mimi nawaza kwamba sisi wa sekondari hatuna haki ya kumcheka mtoto yule. Daftari zetu za fizika nazo ni saa za majani. Mna picha nzuri ya penduli, mna mishale, mna formula, na hakuna hata kitu kimoja kinachotembea.

Basi maoni yangu nayasema mwanzoni. Kila kalasi ya sayansi hapa kwetu itengeneze saa moja ya mchezo, ya mbao na misumari, ambayo bei yake haipiti bei ya daftari moja, lakini itembee kweli kipindi kizima. Na tusianze na uso wa saa wala mishale yake, kama watoto wanavyoanza. Tuanze na mlinzi.

MLINZI NI NANI?

Zungusha kamba kwenye mti mwembamba, funga jiwe kwenye kamba, kiisha achia. Jiwe linaanguka, kazi imekwisha kwa sekunde moja. Nguvu ilikuwa pale, lakini hakuna aliyeigawa.

Sasa kumbuka vile tunavyovuka Lualaba kwenda ng'ambo, upande wa mjini. Watu wote wakiruka ndani ya mtumbwi mara moja, unapinduka. Lazima mtu mmoja asimame na kusema: wewe ingia, wewe ngoja kwanza. Ndani ya saa kuna kitu kinachofanya kazi hiyo. Kwa Kifaransa kinaitwa eshapema. Mimi nakiita mlinzi. Kinashika jino moja la gurudumu, kinaliachia, kinashika lingine. Ile sauti ya tik-tak tunayoisikia ni mlango wa mlinzi unaofungwa.

Mlinzi hapangi wakati kwa kichwa chake. Anafuata penduli, ambayo inakwenda na kurudi kwa muda ule ule. Ndiyo maana Christiaan Huygens wa Uholanzi, alipoiweka penduli ndani ya saa mwaka 1656, saa zilianza kuaminika. Lakini penduli nayo inachoka. Hewa inaizuia, pahali ilipotundikwa panaizuia. Kwa hiyo mlinzi ana deni: kila anapoachia jino, jino hilo lisukume penduli kidogo, isisimame. Kazi zake ni mbili, kuzuia gurudumu na kulisha penduli. Wengi wanaojaribu saa ya mchezo wanakumbuka kazi ya kwanza na kusahau ya pili. Saa yao inapiga mara kumi, inakufa.

BEI NDOGO SI KAZI MBAYA

Watu husema kitu cha bei ndogo ni kitu cha kuvunjika. Historia inakataa. Katika karne ya 19 saa nzuri ya mfukoni ilikuwa mali ya tajiri. Georges Frédéric Roskopf, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi La Chaux-de-Fonds, Uswisi, alitaka saa ambayo mfanyakazi angeweza kuinunua kwa franka 20. Mwaka 1867 saa yake ilikuwa tayari. Hakupunguza bei kwa kufanya haraka-haraka. Alipunguza vipande mpaka vikabaki 57 tu, na saa nyingine za wakati ule zilikuwa na vipande zaidi ya mia moja. Katika mlinzi wake, pahali pa vijiwe vya thamani vilivyochongwa, aliweka vijiti viwili vya chuma vyembamba kama sindano. Kwa miaka mia moja saa nyingi za bei ndogo zilitembea kwa vijiti vya namna hiyo, hata zile za mezani zenye kengele, mpaka saa za kwarzi zilipozishinda baada ya mwaka 1970.

Tujifunze akili yake, lakini tusinakili saa yake. Kwa nini? Katika mlinzi wa namna ile, mteremko unaosukuma uko juu ya meno ya gurudumu. Kiwanda kina mashine. Meno yote yanatoka sawasawa. Sisi tuko na msumeno na kisu. Ukichonga meno 30 kwa kisu, hakuna jino litakalofanana na ndugu yake.

Basi tugeuze. Pahali pa meno tupige misumari 30 midogo kwenye duara la triplex. Misumari ya pakiti moja inafanana. Kiwanda kimekwisha kutufanyia kazi hiyo. Mteremko tuuweke kwenye mikono ya mlinzi, ambayo ni miwili tu. Afadhali kuchonga pahali pawili vizuri kuliko meno 30 vibaya. Hata hii si akili yangu. Louis Amant, fundi wa saa wa Paris, alipanga vijiti kwenye gurudumu tangu mwaka 1741 hivi.

HESABU YA SAA YETU

Mnaijua formula: T = 2π√(L/g). Tunataka penduli iende na kurudi kwa sekunde 2. Hapa Kindu g ni karibu 9,78. Hesabu inatoa L ya sentimita 99 na kidogo. Chukua kijiti cha bambu, chini yake funga mkebe wa tomate uliojaa mchanga, upime toka pahali pa kutundika mpaka katikati ya mkebe.

Kila penduli inapokwenda na kurudi, msumari mmoja unapita. Misumari 30 mara sekunde 2 ni sekunde 60. Kwa hiyo gurudumu linazunguka mara moja kwa dakika. Bandika mshale juu yake, huo ni mshale wa sekunde.

Na dakika je? Saa za duka zina magurudumu mengine kwa kazi hiyo. Sisi hatuna lazima nayo. Kamba ya jiwe tuizungushe kwenye kijiti cha unene wa kidole kidogo, ambacho mzunguko wake mmoja unachukua kamba ya sentimita 3. (Pima mizunguko kumi pamoja: lazima iwe sentimita 30. Ikipungua, ongeza karatasi kwenye kijiti.) Basi jiwe linashuka sentimita 3 kila dakika. Chora mistari ukutani, sentimita 3 kwa sentimita 3. Jiwe lenyewe ndilo mshale wa dakika! Kipindi cha dakika 50 ni sentimita 150. Ukitundika saa juu kidogo kupita kichwa cha mtu, nafasi inatosha.

Mlinzi mwenyewe ni kipande cha mbao ngumu chenye vidole viwili, mfano wa nanga, kilichofungwa pamoja na penduli. Angalieni mambo matatu. Kwanza, vidole vishike nafasi saba na nusu za misumari, wala si saba kamili. Ile nusu ndiyo inayofanya kidole kimoja kiwe tayari kupokea wakati kingine kinaachia. Pili, unene wa kidole pamoja na unene wa msumari usifike nusu ya nafasi kati ya misumari miwili. Tatu, ncha ya kila kidole ikatwe mteremko, ili msumari ukiteleza pale uisukume penduli. Ekseli iwe rayo ya velo, na matundu yake yawe katika bati la mkebe wa sardini. Vitu hivi vyote viko kwetu.

TULIVYOSHINDWA

Nisijisifu. Likizo iliyopita tulikuwa watatu, tukajaribu. Saa ilipiga dakika nne, ikasimama. Tukaongeza jiwe, ikasimama. Tukatia mafuta ya mawese kwenye ekseli, ikatembea kidogo, kesho yake vumbi likashikana na mafuta na hali ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Kila mmoja alimlaumu mwenzake.

Halafu mmoja wetu akaona kitu: gurudumu linasimama kila mara pahali pale pale. Tukachukua raporta. Kati ya misumari 30 lazima kuwe na digri 12 na 12. Kati ya msumari wa 17 na wa 18 tulikuta digri karibu 14. Tulikuwa tumepima kwa jicho! Mafuta hayaponyi hesabu mbaya. Tukang'oa misumari yote, tukapima tena kwa kompasi, na saa ikatembea dakika 23. Hamsini bado hatujafika. Lakini siku ile nilielewa digri 12 ni nini kupita miaka yote ya jeometria.

WANAOKATAA

Wengine wananiambia: "Telefoni iko na saa, kwa nini kujisumbua?" Ni kweli, na saa ya telefoni inapita yetu mbali sana. Lakini fungua telefoni, uangalie ndani: hutaona kitu kinachokwenda na kurudi. Kwarzi ya saa nyingi inatetemeka mara 32.768 kwa sekunde moja, nani ataihesabu? Tena sote tunajua siku ambazo telefoni ya mpiga kengele inazima. Siku hizo kipindi kimoja kinakula kingine, na kinacholiwa mara mingi ni cha mwisho. Jua linatusaidia kujua asubuhi na mchana, lakini jua halitakuambia kama zimebaki dakika kumi, zaidi sana wakati wa mvua.

Wengine wanasema: "Mtihani wa Leta hauulizi misumari." Mtihani unauliza penduli. Na hapa nitoe mfano. Mwaka 1672 Jean Richer alichukua saa ya penduli toka Paris mpaka Cayenne, karibu na mstari wa ekweta. Saa ile nzuri ikaanza kuchelewa dakika 2 na nusu kwa siku. Haikuharibika. Karibu na ekweta uzito unapungua kidogo, kwa hiyo penduli inakwenda polepole, na Richer akalazimika kuifupisha. Kindu haifiki digri 3 toka ekweta. Sisi tunaandika 9,81 kwa sababu kitabu kinasema 9,81. Penduli iliyokatwa kwa namba ile ina milimita 3 hivi za ziada kwetu, na itachelewa dakika 2 hivi kwa siku. Saa ya misumari haitaonyesha tofauti ndogo vile, makosa yake ni makubwa zaidi. Lakini aliyekwisha kukata penduli kwa mkono wake atauliza mwalimu: namba hii ni ya wapi? Mwanafunzi anayeuliza hivyo haogopi mtihani wowote.

Na wengine wanaona aibu: "Huu ni mchezo wa watoto." Ndugu, someni Kutoka sura ya 31. Bezaleli alijazwa roho ya Mungu, na kazi aliyopewa ilikuwa ya mikono: kuchonga mbao, kukata mawe, kufua dhahabu. Hakuona aibu.

NINALOLIOMBA

Naomba walimu wetu wa fizika watupe alasiri mbili katika trimesta hii, na Bwana Prefe aturuhusu kutumia mbao zilizobaki za madawati yaliyovunjika. Kila kalasi ilete saa yake moja. Kanuni ziwe tatu: isitumie kipande chochote cha saa ya duka, pesa yake isipite bei ya daftari, itembee dakika 50 bila mkono wa mtu. Ikikosea dakika moja au chini yake, imeshinda. Ikichelewa dakika moja kamili, mwenye kujua formula atajua pia dawa yake: kupandisha mkebe sentimita 4.

Yule mdogo wetu wa saa ya majani naye tumwite siku hiyo aone. Nataka aulize tena saa ngapi, na safari hii ajibiwe na jiwe linaloshuka ukutani.

Mhubiri anasema kila jambo lina wakati wake. Basi tujue kuupima.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa kalasi ya tano, Sayansi