Tumsaidie Wakili wa Wanyonge Kulipa Deni



Mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na nyaraka zake kwenye mfuko wa rambo. Wenzake wamekuja na wakili. Yeye anaambiwa ajieleze. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwakusudia watu kama yeye, lakini haitekelezeki pasipo wakili aliye tayari kukaa wilayani.

Mawakili vijana wa aina hiyo wapo. Wengi wamesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 huacha 120,000 kila mwezi. Makato hayaulizi anamtetea nani: wakili wa benki na wa kituo cha msaada wa kisheria hukatwa kwa kiwango kilekile. Huyu wa kituo akipata nafasi mjini, nani atamlaumu akifungasha?

Tunadai Bunge lianzishe mfuko wa kuwalipia mawakili hawa sehemu ya deni kwa kila mwaka wanaoukamilisha kazini. Masharti yawe matatu: awe ameajiriwa na mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa, kazi yake ya kila siku iwe nje ya majiji, mteja wake asitozwe hata senti. Akiondoka, malipo yakome.

Masharti yaandikwe kwa lugha nyepesi, tena mapema. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kufuta deni lililobaki la mtumishi wa umma, mawakili wakiwemo, baada ya marejesho 120. Maombi yalipoanza kupokelewa 2017, takriban yote ya mwanzo yalikataliwa. Wengi hawakuwa wametimiza masharti. Wengine walikuwa na mkopo wa aina isiyohusika.

Mtasema walimu na wauguzi nao wanadaiwa. Kweli, na hoja yao tutaiunga mkono. Hapa anayelengwa ni mjane yule; wakili ni njia ya kumfikia.

Bunge la Bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo, tuipeleke hoja hii kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, iingie kwenye muhtasari, na nakala akabidhiwe mbunge. Mawakili, andikeni rasimu. Vituo vya msaada wa kisheria, toeni hesabu ya wateja mnaowarudisha kwa kukosa wakili. Mbunge akija kuomba kura, tumuulize hoja hii aliisemea wapi.