Kiondo Kina Msamiati Wake, Tusiuache Upotee

Litajwapo neno "elimu" hapa Machakos, aghalabu fikira hukimbilia darasa, ubao na cheti. Ni wachache watakaomfikiria mama aliyeketi kivulini akisokota katani pajani, na kando yake kiondo ambacho hakijafika nusu. Naamini kwamba mama huyo ni mwalimu na kiondo chake ni somo. Somo hilo limo hatarini, kwa kuwa maneno yake yanakufa.

Kwanza tukitazame kiondo chenyewe. Hakihitaji kitanda cha mfumi. Huanzia kitakoni, ambapo nyuzi za mtande hutawanyika kutoka katikati mithili ya miali ya jua. Kisha nyuzi mbili za mshindio huzungushwa, mmoja mbele ya mtande na mwingine nyuma, zikipishana kila hatua. Kadiri kitako kinavyopanuka ndivyo mtande mpya unavyoongezwa, na msusi hana budi kuhesabu, la sivyo mapambo hayatakutana. Hiyo ni hesabu, ingawa hatuiiti hivyo.

Ufundi huu wa kupitisha nyuzi ni wa kale sana duniani. Huko Dolní Věstonice, katika nchi ya Cheki, zimepatikana alama za nyuzi zilizosukwa kwa namna kama hii juu ya vipande vya udongo vyenye umri wa miaka ipatayo 26,000.

Wako wanaolalamika kwamba kiondo kimeharibiwa na nyuzi za rangi zitokazo viwandani. Sikubaliani nao kikamilifu. Mkonge wenyewe ni mgeni: asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka wa 1893. Kabla yake, akina mama wa Ukambani walitumia nyuzi za magome, yakiwemo ya mbuyu. Malighafi hubadilika, na ufundi ukabaki. Lakini ufundi usio na maneno hauwezi kufundishwa ila kwa aliyeketi karibu na fundi, na vijana wetu hawaketi tena hapo.

Nikiwa mwanaisimu, naomba nitoe mfano mmoja. Mkamba husema kũtuma kyondo, yaani kusuka kiondo. Mtoto aliyezoea Kiswahili huenda akacheka, akidhani kikapu kinatumwa dukani. Kumbe Kikamba hakichanganyi mambo: kupeleka mjumbe ni kũtũma, na irabu yake ya pili hutamkwa ikielekea o. Kiswahili kilizipoteza irabu hizo mbili, lakini kikaihifadhi tofauti kwa njia nyingine, kwa kubadili konsonanti. Ndiyo maana sisi tuna kutuma na kufuma. Badiliko hilo hilo laonekana katika kazi ya mhunzi: Mswahili hufua chuma, na Mgikuyu husema gũtura.

Kwa hivyo kũtuma ya Mkamba na kufuma ya Mswahili ni neno moja, tulilorithi kwa mababu waliozungumza lugha moja kabla hatujatawanyika. Ushahidi huo haumo katika jumba lolote la makumbusho. Umo vinywani mwa nyanya zetu. Na kutokana na kufuma tumepata neno mfumo, tunalolitumia kila siku katika siasa, uchumi na elimu bila kukumbuka kwamba lilitoka kwa msusi.

Je, shule imefanya nini? Mfumo wa 8-4-4, ambao mimi ni zao lake, ulipoanza mwaka wa 1985 ulisisitiza kazi za mikono. Nia ilikuwa njema. Lakini mara nyingi mwanafunzi aliagizwa kuleta kikapu, mzazi akapitia sokoni, na kikapu cha mama mwingine kikapewa alama. Tulipima kitu, hatukupima maarifa. Mtaala wa umilisi unaofuatwa sasa unatoa nafasi kwa sanaa na, katika madarasa ya chini, kwa lugha za kiasili. Nafasi hiyo itapotea vivyo hivyo iwapo mwalimu wa sanaa na mwalimu wa lugha hawatazungumza.

Yapo pia maslahi ya mfukoni. Mwaka wa 1980 na kitu viondo vilipendwa mno Ulaya na Marekani, hadi vikapu vya kuiga kutoka Asia, vilivyouzwa kwa bei ya chini, vikalivamia soko. Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, nayo imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuyakusanya na kuyasajili. Lakini utasajili nini usichoweza kukitaja? Picha ya kiondo yaweza kuigwa na yeyote. Maelezo ya kila hatua, kwa majina yake, ndiyo hati miliki ya jamii.

Ninalopendekeza halihitaji fedha za wafadhili. Kila shule ya Machakos na iteue muhula mmoja. Wanafunzi waende kwa wazee wao na daftari, waandike kila neno la kiondo kwa Kikamba: la kitako, la ukingo, la kila pambo na kila kosa. Walimu wa Kiswahili waweke kando yake mtande, mshindio na maneno mengine ambayo kamusi zetu zimeyahifadhi lakini vitabu vya shule vimeyasahau. Vyuo vikuu vyetu vipokee daftari hizo, viyahakiki na kuyachapisha.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Asemaye kwamba kazi hii ni ya wanawake wasiosoma, na ajiulize ni nani aliyempa neno la kuitia elimu yake mfumo.