Kisu cha Kukunja: Tazama Komeo Kabla ya Makali



Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta habari za visu katika ukurasa huu wa afya ya familia. Msishangae. Hapa kwetu Manyoni kisu cha kukunja ni chombo cha kila siku. Mchunga ng'ombe anacho mfukoni, mrina asali anacho, na dereva wa lori anacho. Kijana anayeshona na kupakia magunia ya alizeti hawezi kufanya kazi bila kitu cha kukatia kamba. Na mara nyingi anayekinunua, au anayeombwa fedha ya kukinunua, ni mama. Anakichukua siku ya mnada pamoja na sabuni na chumvi, bila kukitazama mara mbili.

Sisi wauguzi tunavifahamu visu hivi kwa upande wao mwingine, yaani katika chumba cha kufungia vidonda. Lipo jeraha moja ambalo tunalitambua hata kabla mgonjwa hajaeleza. Ni mkato ulionyooka mgongoni mwa kidole cha shahada, na pengine kidole cha kati pia. Mtu alikuwa anachoma kitu kigumu kwa ncha, kisu kikajikunja chenyewe na makali yakaangukia vidole vilivyoshika mpini. Hapo ngozi huwa nyembamba, na kano inayonyoosha kidole ipo karibu sana. Kano ikikatika na kuachwa bila kushonwa, kidole hakinyooki tena. Hebu fikiri baba huyo atakamuaje ng'ombe, au mama huyo atasukaje nywele za binti yake.

Kwa hiyo neno langu la mwezi huu ni hili: fedha yako ndogo ilipie komeo kwanza, chuma pili, na sura mwisho. Wengi wetu hufanya kinyume chake.

Je, kinahitajika kweli?

Kwanza tujiulize kazi ya kisu chenyewe. Kama ni cha jikoni, au cha kuchinja kuku na mbuzi, usinunue cha kukunja. Nunua cha kawaida chenye mpini usiokunjika. Hakiwezi kujifunga, na huoshwa chote kwa dakika moja. Kisu cha kukunja kina bawaba na mfereji wa kuhifadhia bapa, na humo damu na mafuta ya nyama hujificha na kuoza. Kwa sababu hiyo hiyo kisu hiki kisitumike kamwe kukata kitovu cha mtoto mchanga wala kuchanja chale. Hata ukikipitisha motoni, uchafu wa ndani ya bawaba hubaki.

Kisu cha kukunja ni cha mtu aliye safarini au porini, anayehitaji makali yaliyofunikwa ili yasimchome mwenyewe. Kwa mtu huyo kinafaa sana.

Komeo ndilo moyo wake

Komeo, au loki kama wauzaji wanavyosema, ndilo linaloshikilia bapa lisijikunje wakati wa kazi. Yako ya namna kadhaa, nami nitaeleza yale mnayoweza kuyakuta.

Visu vingine havina komeo kabisa. Bapa hushikiliwa na springi tu, na ukilisukuma hujifunga. Si visu vibaya. Hata visu vingi vidogo vya Victorinox vya Uswisi, kampuni iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, vina bapa la namna hiyo. Lakini hivyo ni vya kumenya chungwa na kukata uzi. Usichome navyo kitu kigumu.

Komeo la mgongoni ni kipande cha chuma juu ya mpini ambacho huingia kwenye pengo la bapa. Kulifungua, unabonyeza kipande hicho. Ni imara, na kidole hakipiti mbele ya makali wakati wa kukunja.

Komeo la ubavuni ni kibati chembamba ndani ya mpini, ambacho husogea na kukaa nyuma ya bapa. Ndilo linalopatikana zaidi katika visu vya bei nafuu vya siku hizi. Likitengenezwa vizuri linafaa, lakini katika visu dhaifu kibati huwa laini na huteleza. Tena, wakati wa kukunja, kidole gumba hupita njia ya makali, hivyo hufaa zaidi kwa mtu mzima aliyezoea.

Komeo la pete ni pete inayozungushwa shingoni mwa kisu. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890, iliongeza pete ya namna hii mwaka 1955. Ni rahisi kuliona kwa macho kama limefungwa au halijafungwa. Tatizo lake ni usahaulifu, maana usipoizungusha pete, komeo halipo.

Na wazee wetu wengi wanakikumbuka kisu cha Okapi, chenye kipete kidogo mgongoni cha kuvuta ili bapa lijikunje, na alama za mwezi na nyota mpinini. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika, na nchi yetu wakati huo ilikuwa mojawapo. Kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Nimekitaja ili mwone kwamba kisu cha bei ya mtu wa kawaida chaweza kuwa na komeo. Unafuu si sababu ya kukosa usalama.

Chuma chake

Mara nyingi bapa limeandikwa neno moja tu, “stenlesi”. Neno hilo linatuambia kwamba chuma kimechanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5, ili kisishike kutu upesi. Halituambii kama kitashika makali. Kinacholeta ugumu wa makali ni kaboni.

Visu vingi vya bei nafuu hutoka China, na baadhi huandikwa namba ambazo unaweza kuzisoma mwenyewe. Ukiona 3Cr13, namba ya kwanza inamaanisha kaboni kama asilimia 0.3, na ya pili kromi kama asilimia 13. Hicho ni chuma laini, kitakuwa butu upesi. Ukiona 8Cr13MoV, kaboni ni kama asilimia 0.8. Hicho hukaa na makali muda mrefu zaidi, na bado kinanoleka kwa kinoo cha kawaida. Kati ya visu viwili vyenye komeo zuri na bei zinazokaribiana, chagua chenye namba ya kwanza iliyo kubwa.

Bapa la chuma cha kaboni lisilo la stenlesi nalo ni zuri na hunoleka upesi, ila linataka kufutwa na kukaushwa kila baada ya kazi, la sivyo litaota kutu.

Msidharau makali. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama walijua. Kisu butu hukufanya usukume kwa nguvu, na nguvu hiyo kikiteleza huishia mkononi.

Mapambo ya kikomando

Siku hizi vijana wanapenda visu vinavyoitwa vya kikomando, vyenye bapa jeusi, meno mgongoni, na ncha ya kuvunjia kioo. Tuvitazame bila hasira. Sehemu ya kufungulia bapa kwa kidole gumba ina faida kwa mtu ambaye mkono mwingine umeshika kamba ya mbuzi. Kibanio cha mfukoni nacho kinafaa, maana kisu hakidondoki njiani. Ncha ya kuvunjia kioo yaweza kumsaidia dereva siku ya ajali.

Lakini rangi nyeusi haiongezi ukali wowote, na yaweza kuficha chuma hafifu. Meno hayanoleki kwa jiwe letu la nyumbani, hivyo yakiisha yameisha. Bapa linaloruka lenyewe kwa kubonyeza kitufe laweza kufunguka mfukoni. Bapa refu nalo halina kazi. Sentimita saba hadi tisa zinatosha kwa kamba, ngozi, tunda na gunia. Mara nyingi fedha iliyowekwa kwenye mapambo imepunguzwa kwenye komeo.

Majaribio manne mbele ya muuzaji

Usione haya kujaribu. Muuzaji mwema hatakasirika.

La kwanza, fungua polepole, usikie komeo likiingia kwa mlio mmoja mkavu. Rudia mara tano. Likikosa hata mara moja, kirudishe.

La pili, shika mgongo wa bapa na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litalegea zaidi kwa vumbi letu la kiangazi. Kama bawaba ina skrubu, yaweza kukazwa. Kama ni ribiti iliyolegea, mfanye muuzaji atoe kingine.

La tatu, likiwa limefunguka na makali yakitazama juu, shika mpini ubavuni tu, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, pasiwe na kidole chochote juu ya mfereji. Kandamiza mgongo wa bapa kwenye ubao polepole, kisha ongeza nguvu. Bapa likijikunja, shukuru kwamba limejikunja juu ya ubao.

La nne, kikunje na upitishe kipande cha kitambaa juu ya mfereji. Kikinasa, makali yametokeza nje, nayo yatakata mfuko na paja.

Kisha tazama mpini. Uwe na ukwaruzo kidogo na ujae mkononi, maana asali, jasho na damu huteleza.

Mtoto akililia kisu

Wako wanaosema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nimefunga vidole vingi mno vya watoto kuweza kuikubali methali hiyo. Kisu kikae juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kijana mkubwa afundishwe na baba yake, au na mjomba, kukifungua, kukikunja, na kumkabidhi mtu kikiwa kimekunjwa.

Akisema anakitaka cha kujihami, keti naye. Mwambie kwamba anayetoa kisu katika ugomvi wa maneno ameugeuza kuwa ugomvi wa kuuana, na kisu hicho chaweza kunyang'anywa na kumrudia. Mwambie pia kwamba kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa katika sheria zetu, hata kama hakumgusa mtu. Kisu cha kazi kiende kazini na kirudi nyumbani. Hakina shughuli kwenye harusi, kwenye mpira wala kilabuni.

Mtu akijikata

Weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usiweke mafuta ya taa, majivu, kahawa, ugoro wala dawa ya meno. Damu ikiruka au isipokoma, endelea kukandamiza na muende hospitali mara moja. Kama kisu kimebaki kimechoma mwilini, usikichomoe. Kifunge kisitikisike na mpeleke mgonjwa hivyo hivyo.

Kisha mwambie akunje na kunyoosha kila kiungo cha kidole, na umguse nchani kujua kama anahisi. Kiungo kisipotii, au ncha ikiwa na ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekauka na yeye anasema si kitu.

Mwisho, ulizeni chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, ndiko visu hivi vinakofanyia kazi. Sisi akina mama tunapata chanjo hiyo kliniki tunapokuwa wajawazito. Watoto huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina baba wengi hawajaipata tena tangu utoto, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Baba akijikata, hata kidogo, mpeleke zahanati siku hiyo, umweleze mhudumu ni lini alichanjwa mara ya mwisho, au kwamba hakumbuki.

Na kwa ambao kisu tayari kimo nyumbani, leo jioni mwombeni baba watoto awaonyeshe kisu chake. Kiosheni kwa maji ya uvuguvugu mpaka vumbi na asali vitoke kwenye bawaba, kikausheni, mkitie tone moja la mafuta ya cherehani, kisha mkipitishe katika majaribio yale manne. Kikishindwa lile la tatu, kisirudi mfukoni mwake. Kikatie mboga kwa utaratibu, huku mkitunza akiba ya kununua kingine.

Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.