Mbele ya kubadilisha bwati, tuangalie kwanza mafuta yake



Wiki hii tunazungumuza juu ya ile gari ya kikundi. Wengi wenu munaijua: ni Toyota ya zamani, volani kuume, yenye tulinunua kwa feza ya likirimba. Ndiyo inabeba mboga asubui, na usiku inapeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye hospitali. Mwezi uliopita ilianza kutusumbua. Unatia D, inangojea kidogo, halafu inaruka kama mbuzi. Kwenye milima ya Kadutu motere ilikuwa inalia sana, lakini gari haipandi.

Tuliipeleka garaji. Walituambia: “Bwati otomatiki imekufa, mulete dola 900.” Feza hiyo ndiyo tulikuwa tumeweka juu ya masomo ya watoto. Siku mbili tulibishana. Wengine walisema tuuze gari, wengine walisema tukope. Kisha muzee mumoja, shofere wa zamani, akatuuliza neno moja tu: “Mumeangalia mafuta ya bwati?” Hakuna mutu aliyejibu. Tulikuwa tunaangalia mafuta ya motere na maji ya radiatere, basi.

Tulipoangalia, mafuta yalikuwa chini ya alama ya mwisho. Tiyo moja ndogo, yenye kutoka kwenye bwati na kwenda kwenye radiatere, ilikuwa imechoka na inavuja. Tulibadilisha tiyo, tukaongeza lita 2 za mafuta. Yote haikufika dola 40. Hatusemi kama fundi yule ni mwizi. Pengine naye hakuangalia. Lakini sisi ndio wenye gari, na ni sisi tulipaswa kuuliza.

Sababu gani mafuta iko na maana hivi? Gari ya otomatiki haina pedali ya ambrayaji. Kazi ambayo muguu wako unafanya katika gari ingine, huku inafanywa na mafuta. Pompe inayasukuma kwa nguvu, nayo yanabana sahani ndogo-ndogo ndani ya bwati ili vitesi ishike. Mafuta yakipunguka, sahani zinateleza. Zikiteleza, zinapata moto. Zikipata moto sana, zinaungua. Hapo ndipo bwati inakufa kweli.

Namna ya kuangalia ni hii. Tembeza gari kama dakika 15 ili mafuta ipate moto. Simama mahali pa sawasawa, vuta freni ya mukono. Kanyaga freni, pitisha mushiko polepole kutoka P mupaka L, kisha urudishe kwenye P. Kwa Toyota nyingi za zamani, unaacha motere inawaka. Kwa Honda nyingi, unaizima kwanza. Vuta kijiti cha bwati, ukipanguse, ukirudishe, ukivute tena. Mafuta yanapaswa kufika katikati ya alama mbili za mafuta yenye moto. Funga kikwembe na kitambaa vizuri, visikaribie kanda za motere. Gari zingine mupya hazina kijiti. Hizo fundi anazipimia chini.

Halafu weka tone moja kwenye karatasi nyeupe, uangalie na unuse. Mafuta mazima yako mekundu na yanapitisha mwangaza, kama siro ya grenadini. Yakikuwa ya kahawia, yamezeeka. Yakikuwa meusi na yananuka kama maharagi yaliyoungua kwenye chungu, sahani zimeungua. Yakifanana na maziwa ya rangi ya waridi, maji ya radiatere yameingia ndani. Zima gari, usiiendeshe tena mupaka itengenezwe.

Tuseme ukweli: si kila bwati inaponeshwa na lita 2. Dada mumoja wa kikundi alikuwa na mafuta meusi katika gari yake. Walifungua sahani ya chini ya bwati. Kwenye sumaku yake, unga laini wa chuma ni jambo la kawaida. Lakini kwake walikuta vipande vya chuma vya kushika kwa vidole. Hapo mafuta mupya haikusaidia, na feza ya vidanji ilipotea bure. Kwa hiyo, ukienda kununua gari ya zamani, angalia mafuta hayo mbele ya kutoa hata dola moja. Muuzaji akikataza kufungua kapo, rudi nyumbani.

Juu ya aina ya mafuta: usikubali “yote ni sawasawa”. Toyota nyingi za zamani zinatumia T-IV, zingine zilizofuata zinatumia WS, na bwati za CVT ziko na mafuta yao yenyewe. Mara nyingi jina limeandikwa kwenye kijiti. Hata kama kitabu cha gari ni cha Kijapani, herufi hizo utazisoma. Pia ujue kama vidanji ya kawaida haitoe mafuta yote. Katika gari ndogo nyingi inatoka lita 3 ao 4, na ingine inabakia ndani. Kwa milima yetu na vumbi yetu, ni vizuri kufanya vidanji hiyo kila kilometa 40.000, bila kungoja pane.

Tena kuko desturi ndogo zenye kulinda bwati:
– Simama kabisa mbele ya kutoka R kwenda D.
– Kwenye mulima, vuta freni ya mukono kwanza, halafu utie P.
– Ukishuka, usitie N ili kuchunga esansi. Tia 2 ao L. Motere itasaidia freni.
– Gari ikikwama kwenye matope, usiendelee kukanyaga muda murefu.
– Ikikufa, usiisukume ili iwake, haitawaka. Na usiivute kwa kamba mwendo murefu. Magurudumu yenye kuvuta gari inapaswa kuinuliwa.
– Taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, mashine ya gari inasema iko na kosa. Tafuta fundi mwenye aparei ya kusoma makosa.

Na fundi akisema “bwati imekufa”, muulize maulizo tatu, kwa heshima: Mafuta ilikuwa mupaka wapi? Rangi na harufu yake ni gani? Ulikuta nini kwenye sumaku? Fundi muzuri atafurahi kukuonyesha. Mwenye kukasirika, umushukuru na uchukue ufunguo wako.

Siku ya Posho tutaleta gari ya kikundi kwenye mukutano, ikiwa na moto kabisa. Kila mama atavuta kijiti kwa mukono wake mwenyewe. Mulete karatasi nyeupe na kitambaa cha zamani. Watoto wa shule wanapata masomo yao mwezi huu, kwa sababu muzee mumoja aliuliza neno moja. Sasa tulijue sisi wote.