Nyumba na Mali: Almasi Inapoingia Giza Ndani ya Pete

Miongoni mwa malalamiko yanayowafikia masonara, na mara nyingine yakavuka kizingiti cha duka yakaingia hadi kituo cha polisi, liko moja lisilozeeka. Mtu amenunua almasi ikiwa peke yake, imelala juu ya karatasi nyeupe, inameta hata macho yanauma. Ameikabidhi kwa sonara aivishe pete. Baada ya wiki moja amepokea pete nzuri ya dhahabu safi, lakini jiwe lililo katikati yake ni jeusi mfano wa kisima kinachochunguliwa usiku. Neno la kwanza linalomjia mdomoni ni kwamba jiwe limebadilishwa. Na ikiwa pete yenyewe ni ya posa, au ni ukumbusho wa mume aliyefia kazini, neno hilo halitamkwi kwa sauti ya chini.

Wizi wa namna hiyo upo, wala hapana sababu ya kuuficha. Hata hivyo, kabla mtu hajaitwa mwizi, yafaa ijulikane kwamba almasi ile ile, isiyoguswa na mkono wa hila, yaweza kuwa nyeupe asubuhi juu ya karatasi na kuwa nyeusi jioni kidoleni.

Almasi haina nuru yake yenyewe. Mng'ao wote unaosifiwa ni mwanga wa kuazima, ulioingia kwa uso wa juu, ukagonga kuta zilizoinama za sehemu ya chini iliyochongoka, kisha ukarudi juu kwa mwenye kutazama. Kuta hizo hufanya kazi ya kioo cha kujitazamia ingawa hazikupakwa chochote. Sababu ni kwamba mwale uliomo ndani ya jiwe, ukifika ukutani kwa kulala kupita kiwango fulani, hauwezi kutoka nje. Hurudishwa wote ndani. Katika almasi kiwango hicho ni digrii 24 na nusu hivi, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo. Katika kioo cha dirisha ni digrii 41 au 42. Kwa hiyo almasi huuzuia mwanga usitoroke kuliko kioo kinavyoweza, na hiyo ndiyo siri ya thamani yake machoni pa watu.

Lakini siri hiyo haifanyi kazi bila ya mkataji. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu zake juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba kuta za chini za jiwe la mviringo zapasa kuinama karibu digrii 41, na za juu karibu 34 na nusu. Vipimo vya leo havikuacha mbali vyake. Kuta za chini zikiwa kali mno, mwale hugonga upande mmoja na kutokea upande wa pili, na kitovu cha jiwe hubaki na doa jeusi ambalo wafanyabiashara hulifananisha na kichwa cha msumari. Zikilala mno, uso wa juu huonyesha kivuli cha ukingo wa jiwe, duara la kijivu lililofanana na jicho la samaki.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mkataji akate vibaya ilhali hesabu zipo. Jibu ni mizani. Almasi huuzwa kwa karati, na kila ukuta unaorekebishwa hula uzito. Ile almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Tanzania, mwaka 1947, katika mgodi wa John Williamson, ilikuwa ya karati 54.5. Ilipokwisha kukatwa ilibaki 23.6. Zaidi ya nusu iligeuka vumbi na vipande, na hakuna aliyeona hasara kwa kuwa jiwe lilikuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Mkataji mwenye jiwe dogo la soko hana moyo huo. Huliacha na tumbo nene, na mnunuzi hulipia karati ambazo kazi yake ni kuleta giza.

Jambo hili liliwahi kuiaibisha dola nzima. Mwaka 1849 Waingereza walipoitwaa Punjab, walimtoza mtawala wake Duleep Singh, aliyekuwa mtoto bado, almasi iitwayo Koh-i-Noor. Mwaka 1851 ikawekwa katika Maonyesho Makuu ya London ili watu waione. Watu walikuja kwa maelfu, wakaondoka wakinung'unika kwamba wameonyeshwa kipande cha kioo. Jiwe lilikuwa limekatwa kwa desturi ya India, ambayo ilitunza ukubwa kuliko mng'ao, na halikurudisha mwanga kama macho ya Ulaya yalivyotarajia. Zikaletwa taa za gesi kulimulika, haikufaa sana. Mwaka uliofuata wakaletwa mafundi kutoka Amsterdam, na jenerali mzee, Duke wa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon huko Waterloo, akaliweka jiwe kwenye gurudumu kwa mkono wake ili kazi ianze. Kutoka karati 186 za kipimo cha zamani lilitoka na 105 na kitu. Likang'aa zaidi, lakini umbo lake la kale lilikwisha potea milele, na madai ya kulirudisha Bara Hindi hayajanyamaza mpaka leo.

Sasa turudi kwa pete. Jiwe likiwa juu ya karatasi nyeupe hupata mwanga kutoka pande zote, hata kwa chini. Hapo kasoro za mkato hufichika, maana pale mwanga unapovujia huonekana weupe wa karatasi, na jicho huudhania kuwa mng'ao. Likishaingia peteni, nyuma yake huwa kuna dhahabu, kivuli na ngozi ya kidole. Dirisha lile lile lililoonyesha karatasi sasa laonyesha giza la nyuma yake. Almasi iliyokatwa sawasawa haibadiliki sana kwa kuvishwa pete. Iliyokatwa kwa tamaa hufichuliwa siku hiyo. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu huomba jiwe liwekwe katikati ya vidole viwili vilivyobanwa, mbali na karatasi, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji mwenye kukataa ombi hilo amekwisha jibu.

Mawe marefu, kama yale ya umbo la yai au la tone la machozi, huwa na tabia ya kuwa na kivuli cheusi kinachokatiza katikati kama mabawa ya kipepeo. Kivuli hicho mara nyingi ni kichwa cha mtazamaji mwenyewe, kinachozuia mwanga ambao jiwe lingeurudisha. Pete ikisogezwa mbali na uso, kipepeo hupungua. Jua kali nalo huwadanganya wengi. Mwenye kusimama juani saa sita, macho yamejibana, huona jiwe la kijivu lenye cheche chache kali. Aingiapo chini ya mwembe, jiwe hilo hilo hurudia weupe wake. Taa ndogo nyingi za dukani zilitundikwa pale kwa kusudi.

Hayo yote ni ya siku ya kwanza. Giza linaloingia pole pole, mwezi kwa mwezi, lina sababu nyingine, nayo ni mafuta.

Almasi hukataa maji na hupenda mafuta. Katika migodi ya Kimberley, Afrika Kusini, tangu mwisho wa karne ya 19 tabia hiyo ilitumiwa kuikamata. Kokoto zilizopondwa zilipitishwa pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe mengine yalilowa yakateleza yakaenda zake, almasi ikanasa. Mke apikaye na mume asafishaye bunduki hufanya mgodi mdogo kidoleni bila ya kujua. Mafuta ya nazi, unga wa chapati, sabuni iliyokauka, losheni ya mikono, mafuta ya silaha, dawa ya viatu, vyote hukimbilia nyuma ya jiwe, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Uchafu huo unaposhikamana na kuta za chini, mwanga huingia ndani yake na kumezwa badala ya kurudi juu. Kupangusa uso wa jiwe kila siku hakusaidii kitu, kwa kuwa ugonjwa uko mgongoni.

Na hapa ndipo wajane wengine hupoteza mali. Mwanamke hupeleka pete kuuza ili alipe karo. Mnunuzi huitazama, hutikisa kichwa, husema jiwe limekufa, kisha hutaja bei ya dhahabu peke yake. Almasi haifi kwa mafuta. Bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, nusu saa ya kuloweka, kisha mswaki laini unaoingia kwa upande wa chini katikati ya meno ya pete: mara nyingi kazi imekwisha. Ioshwe ndani ya bakuli wala si juu ya karo la maji, na kwanza ikaguliwe kama jiwe halichezi. Dawa kali ya klorini ya kung'arisha nguo isitumike kabisa, kwani huudhuru mchanganyiko wa dhahabu. Wala njia hii isipelekwe kwa zumaridi au lulu. Hizo zina adabu zake.

Liko jiwe moja ambalo maji yatalimaliza. Vito vingi vya bei nafuu ni kioo kilichobandikwa utando wa fedha kwa nyuma ili urudishe mwanga. Maji yakipenya, utando huo huharibika, na jiwe huwa jeusi moja kwa moja. Wala kuweka kitu nyuma ya jiwe si hila ya leo. Benvenuto Cellini, sonara mashuhuri wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1568 alieleza jinsi mafundi walivyopaka almasi halisi rangi ya masizi kwa chini kabla ya kuivisha pete. Katika picha za watu wakuu wa karne ile, almasi huchorwa nyeusi kabisa, na mwenye pete hakulalamika.

Sonara naye aweza kukosea. Almasi ni kaboni, na ikipatwa na moto mkali wa bomba penye hewa, uso wake huungua ukawa na ukungu mweupe. Fundi mzoefu hulikinga jiwe kwa dawa ya asidi boriki kabla ya kuunga dhahabu. Ukungu huo hautoki kwa sabuni. Huondolewa kwa kusugua jiwe upya kwenye gurudumu, na gharama yake yapasa kuwa ya aliyechoma.

Yabaki lile shaka la kubadilishwa. Hapo maneno hayana nguvu; yenye nguvu ni maandishi yaliyofanywa kabla. Jiwe lipimwe uzito na upana likiwa bado peke yake, mbele ya pande mbili, na litazamwe kwa lenzi ikuzayo mara 10. Almasi nyingi zina alama za ndani, chembe au ufa mwembamba, na mpangilio wake ni kama alama za vidole vya mtu. Zichorwe kwenye stakabadhi, kila moja mahali pake. Baadhi ya almasi huwa na namba iliyoandikwa kwa leza kwenye ukingo, nayo inakiliwe. Pete ikirudi, alama zitafutwe tena moja moja, ikikumbukwa kwamba sonara mstadi hupenda kuficha ufa ulio pembeni chini ya jino la pete. Kwa sababu hiyo, alama moja ikikosekana pembeni, jino la mahali hapo liangaliwe kwanza kabla ya fundi kufunguliwa mashitaka.