Mtoto Aliyesema "Mato"

Mwezi uliopita nilifuatana na jirani yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, kumpeleka mwanawe wa miaka mitano kupimwa usemi. Mtoto huyo ana uzito wa kufahamu, na maneno yake yahesabika. Mpimaji alimwonyesha picha ya macho, akamwuliza ni nini. Mtoto akatabasamu, akajibu: "Mato." Mpimaji akaandika kosa. Kisha akamshauri mama amsemeshe Kiingereza pekee, mtoto asije akachanganyikiwa.

Njiani mama akaniuliza, "Kaka, na nyanyake asiyejua Kiingereza, asinene naye tena?"

Sikuwa na jibu, ila nilisikitika. "Mato" si kosa. Ni Kimvita alichokipata kwa mamake. Katika maneno machache aliyojaaliwa, moja likafutwa kwa kalamu!

Hapana shaka mtaalamu wa usemi ana faida kubwa. Kwanza hutaka masikio yapimwe, kwani asiyesikia vyema hawezi kuiga. Kisha humfundisha mtoto kwa michezo, picha na ishara za mikono, na kumwelekeza mzazi namna ya kuendelea nyumbani. Wako wanaodhani kwamba ishara humfanya mtoto mvivu wa kusema. La hasha! Humfungulia njia. Hayo ni bora kuliko kumkata kimeo, au kumficha ndani kwa kuchelea maneno ya watu.

Lakini mazoezi hayo yategemea mazungumzo ya nyumbani. Utafiti umeonyesha kwamba lugha mbili hazimletei mtoto kasoro ya usemi, hata akiwa na uzito wa kufahamu. Kumnyima lugha ya mamake ndiko kumnyima dawa.

Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kupimia watoto wenye mahitaji maalumu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahali pa ile ya 2003. Hayo ni mema. Lililobaki ni mpimaji kujua kwamba huku kwetu "mtele" na "ndoo" si makosa, na mzazi asione haya kumweleza.

Twajua kutoka Sura ya Twaha kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, akaomba na msaidizi. Ikiwa Nabii aliomba msaidizi, sisi twaona haya ya nini? Na msaidizi aliyemtaka alikuwa Harun, nduguye, mwenye lugha moja naye.